Ukiugua Kalemie, pesa yako iende wapi

Mtu akipata kazi Kalemie, huuliza kwanza mshahara ni dola ngapi, kisha nyumba ni bei gani. Hospitali huja mwishoni, nayo huulizwa vibaya: "Hospitali nzuri ni ipi?" Mji huu, makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu 2015, una hospitali kuu ya rufaa, vituo vya afya vya mitaani vilivyogawanywa katika kanda mbili za afya, Kalemie na Nyemba, kliniki za watu binafsi, na famasi zisizohesabika. Kwa magonjwa yanayowapata watu wengi, hivyo vinatosha. Kwa machache yaliyobaki havitoshi hata uwe na pesa kiasi gani, kwa kuwa mashine au mtaalamu unayemhitaji hayupo mjini. Mgeni anayezunguka kulinganisha bei ya kitanda hapa na pale anajisumbua bure. Ushauri wangu ni atumie pesa zake kwenye ncha mbili: mwanzoni kabisa, kwenye maji, chandarua na kipimo cha homa, na mwishoni kabisa, kwenye njia ya kutoka. Hapo katikati abane.

Na ninaposema mgeni, simsemi Mzungu peke yake. Vita vya Watwa na Waluba vilipopamba moto 2017 vilileta mashirika ya misaada na wafanyakazi wake kutoka kila pembe. Wafanyabiashara wa Kigoma wamekuwapo tangu zamani. Wapo wahandisi wanaopita kwenda Manono kwenye lithiamu, na tangu Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025 wameongezeka Wakongo wenzetu waliokimbilia kusini mwa ziwa. Kwa mbu, Mkenya aliyekulia Nyeri na Mtanzania aliyekulia Arusha ni wageni kama Mbelgiji tu: miili yao haijazoea malaria ya pwani ya ziwa, na homa inayompa mwenyeji siku mbili za uchovu inaweza kuwalaza wao hoi. Rangi ya ngozi haimo kwenye hesabu hii.

Tuanze na pesa yenyewe, maana Kalemie huishi na sarafu mbili. Kodi ya nyumba, tiketi ya ndege na mshahara wa mgeni hutajwa kwa dola. Nyanya, taxi moto, fishi (kadi ya kujiandikisha) ya zahanati na vidonge hutajwa kwa faranga. Kwa miaka mingi aliyekuwa na dola alikuwa amekaa pazuri, faranga ikishuka yeye akipumua. Mwaka 2025 ukageuza meza. Faranga, iliyokuwa karibu 2,850 kwa dola, ilipanda ndani ya miezi michache hadi karibu 2,300. Huduma ya faranga 57,000 iliyokuwa dola 20 ikawa karibu dola 25, bila mwenye kliniki kubadilisha hata herufi moja kwenye tangazo lake la bei ukutani. Kwa hiyo ukilinganisha bei za mwaka jana na za leo, uliza kwanza zilitajwa kwa sarafu gani. Halafu kagua noti zako kabla hujaondoka kwenu: dola yenye mpasuko wa nusu sentimita, au iliyoandikwa kwa kalamu, itakataliwa sokoni na hospitalini vilevile, na saa nane za usiku mbele ya dirisha la malipo si mahali pa kubishana kuhusu mpasuko.

Nyumba nayo ina hesabu yake ya kuingilia. Komisioneri, yaani dalali, huchukua kwa desturi kodi ya mwezi mmoja. Garanti, yaani amana ya nyumba, kwa sheria ya upangaji ya Desemba 2015, haipaswi kuzidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Tuseme nyumba ni dola 400 kwa mwezi: garanti 1,200, komisioneri 400, mwezi wa kwanza 400. Umetoa 2,000 kabla hujanunua godoro. Mwenye nyumba akikuomba garanti ya miezi sita, usihamaki, mtajie tu sheria kwa upole. Una nguvu ya kuongea kuliko unavyodhani, kwa sababu ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ulifunga shughuli zake Tanganyika Juni 2022 na wapangaji wake wakaondoka, na mpangaji mwenye mshahara wa uhakika si mtu wa kuachwa aende zake.

Watu hupenda nyumba ya kutazama ziwa. Mimi naiogopa. Maji ya Tanganyika yalipanda 2021, yakapanda tena 2024, yakaingia kwenye nyumba na maduka ya upande wa chini, hata barabara ya Lumumba ikaogelea. Maji ya ziwa yakiingia mtaani hukutana na vyoo, na jimbo hili ni miongoni mwa yale ambayo kipindupindu hurudi karibu kila mwaka. Nyumba ya mlimani yenye kodi ile ile, au hata iliyozidi kidogo, ni rahisi zaidi ukijumlisha na afya. Hapo ndipo ninaposema gharama za nyumba na gharama za tiba ni daftari moja.

Maji ya kunywa ni mfano ulio wazi kuliko yote. Bomba la Regideso, shirika la maji la taifa, linaweza kutoka vizuri asubuhi na kukauka jioni, na maji yaliyolala kwenye bidoni (dumu) ya jirani usiyajue yamepitia wapi. Familia ya watu wanne, ukihesabu kunywa, kupiga mswaki na kuosha saladi, hutumia kama lita 16 kwa siku. Ukinunua chupa za lita moja na nusu, ni chupa kumi na moja kila siku, zaidi ya mia tatu kwa mwezi, na mlima wa plastiki usio na pa kutupa. Ukitumia kidonge cha klorini cha miligramu 67, kile kinachotengenezwa kwa bidoni ya lita 20 ya maji yasiyo na tope, unahitaji kidonge kimoja kwa siku na subira ya nusu saa. Vidonge thelathini kwa mwezi. Hakuna haja ya kikokotoo. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi na uyaache yatulie. Chupa za dukani zibakie za safari.

Kuoga ziwani ni raha isiyo na kiingilio, ila kichocho kipo. Praziquantel, dawa yake, ni ya bei nafuu, kwa hiyo sikukatazi. Nakuomba tu ukumbuke kupima hata kama huoni dalili, na usiwaache watoto wakicheza kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hutoka kituo cha maji cha Bendera, kaskazini mwa mji, na siku ukikatika hakuna anayekupigia simu kukueleza. Mtu mzima mwenye afya atawasha taa ya sola na kulala. Mwenye kisukari hawezi kulichukulia hivyo. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo sola, betri na friji ndogo ni sehemu ya bei ya dawa yake, iwe mwajiri wake anakubali au hakubali. Hapa kuna habari njema kutoka Kenya. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyokaa kwenye joto hilo la kupanda na kushuka kwa majuma manne ilibaki na nguvu yake. Chupa unayoitumia, basi, inaweza kukaa kwenye mtungi wa udongo wenye ubaridi. Friji iwe ya akiba. Kwa mgonjwa wa aina hii tofauti ya gharama ni kubwa: friji ndogo ya sola iliyopangiwa vizuri badala ya jenereta, ambayo huku wanaiita grupu, inayonguruma na kunywa mafuta usiku kucha.

Sasa homa. Hakuna mgeni atakayemaliza mkataba wake Kalemie bila kushika paji la uso na kujiuliza. Kwenye kituo cha afya karatasi ya malipo itakuwa na mistari kama hii: fishi, konsiltasyo (kumwona daktari), labo (maabara), dawa, na mara nyingi sana, serumu (dripu). Mistari miwili ya kwanza haina mjadala. Labo ni pesa yako bora kuliko zote. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi, na cha darubini, wanachokiita gut epes, kinaonyesha hata wingi wa vimelea. Jua pia kwamba kipimo cha haraka cha kawaida kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya kupona, kwa kuwa kinatafuta protini iliyobaki kwenye damu. Ukitibiwa leo na homa ikarudi baada ya siku kumi na mbili, lipia darubini. La sivyo utameza dozi ya pili kwa ugonjwa ulioisha, na ugonjwa wa kweli uendelee.

Ukikutwa na malaria ya kawaida, isiyo kali, tiba ni vidonge. Kwa mtu mzima, artemether na lumefantrine, ile Watanzania wanayoiita mseto, ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Boksi moja, basi. Katika vituo vingi vinavyoungwa mkono na wafadhili, kipimo na vidonge hivi vimelipiwa tayari, kwa hiyo uliza kabla hujatoa noti. Ninachokipinga ni serumu. Mtu anatembea kwa miguu yake, anakunywa chai, hatapiki, anatundikiwa chupa ya maji ya chumvi au glukosi, analazwa usiku mmoja, na karatasi yake inakuwa ndefu mara tatu. Si lazima daktari awe tapeli. Mara nyingi wagonjwa wenyewe huona hawajatibiwa mpaka waone mrija, na wageni wenye bima huona aibu kuondoka na boksi dogo tu. Uliza hivi: "Dokta, nikiweza kunywa na kula, serumu ni ya nini?" Akiwa na sababu atakuambia.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito. Malaria kali, ya kuchanganyikiwa, degedege, kutapika kila kitu, mkojo mweusi, au kushindwa kukaa, haina vidonge. Hiyo ni artesunate ya sindano: mgonjwa anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, na kuendelea kila siku mpaka aweze kumeza, kisha amalizie dozi kamili ya vidonge. Hapo usipunguze senti. Muulize mtu wa kliniki unayoitegemea, siku ukiwa mzima, kama artesunate ya sindano ipo kabatini leo. Kliniki yenye rangi nzuri isiyo nayo ni duni kuliko zahanati ya mabati iliyo nayo.

Mstari mwingine wa kuutilia shaka ni Widal, kipimo cha homa ya matumbo. Afrika Mashariki nzima watu hutoka maabara wakiwa na "malaria na typhoid" kama mapacha. Kipimo hicho kilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, na mahali ambapo bakteria hao wamezoeleka kinaweza kusema ndiyo kwa mtu mwenye kinga ya zamani tu. Jibu la Widal peke yake lisikuuzie antibiotiki ya majuma mawili.

Dawa ununue wapi? Famasi ya karibu na soko ina bei laini kuliko ya hospitali, na kwa plasta, sabuni au chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini sina neno. Kwa dawa ya kukuokoa maisha sipendi kubahatisha. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, huko Ituri, zaidi ya wagonjwa elfu moja waliandikishwa, wengi wao watoto, shingo na nyuso zikijipinda na macho yakigeuka juu. Vidonge walivyonunua viliandikwa diazepam. Ndani mlikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Vilikuwa na sura ya vidonge vya kweli, na mnunuzi hakuwa na namna ya kujua. Kwa hiyo nunua boksi zima lililofungwa, si vidonge vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, soma namba ya toleo kwenye boksi na kwenye pakiti ya ndani uone zinalingana, angalia tarehe, na boksi lililoandikwa kwa lugha ya nchi ambayo halingepita kihalali likuamshe. Anayetumia dawa za kila siku, za presha, kisukari, kifafa au pumu, aje na za miezi kadhaa kwenye mzigo wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Hiyo ndiyo tofauti ya bei iliyo kubwa kupita zote kati ya kwenu na Kalemie: kule unalipia dawa, hapa unalipia pia wasiwasi wa kuikosa.

Kulazwa ni habari nyingine kabisa. Mgeni huona kwenye karatasi kitanda ni pesa kidogo akafurahi. Muuguzi atakuja, tena kwa adabu zote, na swali lake la kwanza litakuwa: "Papa, gardimalade yako iko wapi?" Gardimalade ni mtu wa kukulinda: anayelala chini kwenye mkeka kando ya kitanda chako, anayepika, anayefua, anayekimbia famasi na karatasi ya glavu, bomba la sindano na pamba, anayemwita muuguzi chupa ikiisha. Hospitali haitoi huduma hizo, ukoo ndio unaozitoa. Mwenyeji ana shangazi watatu wa zamu, wewe una wenzako wa ofisini ambao saa kumi na moja wanataka kurudi nyumbani. Kwa hiyo bei ya kulazwa Kalemie ni kitanda, na juu yake mtu mmoja au wawili wa kulipwa kwa siku, chakula chao na chako, taxi moto ya kwenda na kurudi, shuka, ndoo, sahani, kikombe, tochi na chandarua. Ukijumlisha vizuri, kitanda ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye orodha. Damu nayo, ikihitajika, mara nyingi hutoka kwa ndugu. Mgeni anayejua kundi lake la damu, na anayewajua wenzake wawili wa kundi hilo mjini, ana akiba isiyouzwa dukani. Mambo haya hupangwa na majirani kabla ya homa, kwa kuwasalimia, kuhudhuria misiba yao na kuwapelekea ndagala.

Bei zenyewe huwa na ngazi. Hospitali nyingi za Kongo humtoza mtu wa kawaida bei moja, aliyeandikishwa na kampuni yake, abone, bei nyingine, na mgeni asiye na kampuni bei ya tatu. Si siri wala si uonevu, hutangazwa. Kama shirika lako lina mkataba na hospitali, beba barua yake yenye muhuri. Bila barua utaombwa amana mkononi. Na amana ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walipita hospitali na kliniki zaidi ya 20 za Lubumbashi, na zote isipokuwa moja zilikuwa na desturi ya kuwazuia wasiondoke wagonjwa walioshindwa kumaliza deni. Weka pembeni bahasha ya faranga na dola safi, na mtu mmoja nje ya nyumba yako ajue iko wapi. M-Pesa na Airtel Money husaidia, mpaka siku mtandao ulale.

Tuje kwenye ncha ya mwisho. Kutoka Kalemie kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni Lubumbashi, zaidi ya kilomita 600 kwa ndege, yenye Kliniki za Chuo Kikuu, hospitali ya Jason Sendwe na kliniki kadhaa za binafsi zilizozoea wageni wa migodini. Uzuri wake ni kwamba huvuki mpaka, na kama bado hujapona unaweza kuunganisha kwenda Zambia au Afrika Kusini. Ubaya wake ni ndege: haziruki kila siku, na mgonjwa wa Jumamosi anaweza kungoja. Barabara ipo kwenye ramani.

Ya pili ni Kigoma, kama kilomita 120 ng'ambo ya ziwa kuelekea kaskazini mashariki. Huko kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Maweni, na kutoka Kigoma kuna ndege ya Dar es Salaam, kwenye Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Aga Khan. Kwa Mtanzania mwenye kadi hai ya bima ya NHIF, hesabu hugeuka kabisa. Kadi hiyo haifanyi kazi Kalemie hata dakika moja, lakini akishuka bandarini Kigoma inaanza kufanya kazi. Jino, miwani, ngiri, uzazi wa kupangwa, vipimo vya kila mwaka: yote ayapeleke ng'ambo wakati wa likizo, na nauli ya boti itakuwa ndogo kuliko tofauti ya bei. Mkenya asijidanganye kwa SHA, mfumo uliochukua nafasi ya NHIF ya kwao Oktoba 2024, kwamba utamfuata huku.

Boti, lakini, si gari la wagonjwa. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huchafua ziwa, na vyombo vya mbao hujazwa kupita kiasi. Desemba 2014 meli ya MV Mutambala ilizama kwenye ziwa hili hili upande wa Katanga na watu zaidi ya mia moja wakafa. Kigoma ni njia ya ugonjwa unaosubiri. Kwa mtu anayevuja damu ndani, au mama mwenye uchungu uliokwama, upasuaji wa hapo hapo mjini ni bora kuliko safari yoyote, na ndiyo maana nasema umjue daktari wa upasuaji wa hospitali kuu kwa jina kabla hujamhitaji. Bukavu, na hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege, iliwahi kuwa tegemeo la upande wetu. Tangu mji huo utekwe Februari 2025 iondoe kwenye mpango wako. Bujumbura inafikika kwa ziwa, ila njia hiyo hufunguka na kufungwa kufuatana na vita vya Kivu Kusini.

Nani alipe? Kama umeajiriwa ndani ya Kongo, Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amhudumie mfanyakazi pamoja na familia yake wanapougua. Wengi husaini mkataba bila kuuliza kipengele hicho kitatekelezwa vipi: hospitali ipi, hadi kiasi gani, familia iliyobaki Dodoma imo au haimo. Ulizeni. Na jueni kwamba sheria hiyo inamtazama mwajiri yeyote. Siku utakapomwajiri mpishi na mlinzi, ambaye hapa huitwa santinele, wewe ndiye mwajiri, na malaria ya mtoto wa santinele ni mstari kwenye bajeti yako. Wageni wanaolalamika kwamba mlinzi "anaomba omba" mara nyingi hawakuutenga mstari huo. Utenge tangu mwezi wa kwanza, elewana na kituo cha afya cha mtaa wake, na ulipe huko moja kwa moja.

Bima ya binafsi ndipo watu wanapopunjwa kwa hiari yao. Tuseme bima A ni dola 600 kwa mwaka na inalipa tiba ya kila siku, fishi mpaka miwani. Bima B ni dola 700, hailipi chochote chini ya dola 300, lakini inalipa ndege ya kukutoa. Kalemie ningechukua B bila kufikiri mara mbili. Homa za kawaida zitakugharimu pesa unayoweza kuitoa mfukoni. Ndege ya wagonjwa hadi Nairobi, karibu kilomita 1,000, yenye daktari na oksijeni, huanza kwenye maelfu mengi ya dola na kupanda hadi makumi ya maelfu. Tena soma maandishi madogo. Mipango mingi hutaja nchi moja moja, na Kongo inaweza kukosekana kwenye orodha. Mingine inajitoa kwenye maeneo ya vita, au mahali ambapo serikali ya nchi yako imewashauri raia wasiende. Bima inayosema "Afrika Mashariki" isikutulize: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini makampuni hayachori ramani zao kwa kufuata mikataba ya marais.

Kitu kingine cha kutolipia mara mbili ni cheti cha manjano. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba chanjo moja ya homa ya manjano ni ya maisha yote, hata kama kijitabu chako kimeandikwa miaka kumi. Ukiambiwa kimekwisha muda, eleza hivyo kwa utulivu.

Turudi kwenye bima: ukishainunua, usingoje ugonjwa. Chagua Jumapili jioni, ukiwa mzima, upige ile namba ya dharura iliyochapwa nyuma ya kadi. Usiulize kama Kongo imo. Uliza: mgonjwa yuko Kalemie usiku huu, ndege itatoka wapi, nani ataomba kibali cha kutua, itachukua saa ngapi tangu daktari aseme aondoke, na nani analipa kwanza, mimi au nyinyi? Wakikujibu kwa majina ya viwanja na kwa saa, baki nao. Wakikuambia watakupigia Jumatatu, Jumatatu tafuta kampuni nyingine.